Siri ya Ndani

Mwanamke aliiweka saa juu ya kitambaa cheupe cha Kimotho, fundi wa saa, lakini hakuiachilia. Kidole chake cha shahada kilibaki juu ya kioo, kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke, ingawa asubuhi ile hapakuwa na upepo wowote kwenye baraza la duka la mbegu mjini Kitale.

"Nataka kuona ndani," alisema. "Sitaki kutengenezewa. Kuona tu."

"Karibu, Mama. Keti."

"Na utaifungua mbele yangu."

Kimotho alimwonyesha kibao kilichoning'inia juu ya meza yake. Herufi zake zilikuwa zimepakwa rangi upya mara tatu, maneno yakabaki yale yale: SAA HAIFUNGULIWI MWENYEWE ASIPOKUWEPO.

"Hata ukienda hapo tu kununua soda, nangoja urudi," alisema.

"Vizuri," akasema mwanamke, kwa sauti ya mtu ambaye bado hajaona uzuri wowote.

Sellah, aliyeuza vifuniko vya simu kwenye meza ya pili na kumwita Kimotho Guka, yaani babu kwa Kikuyu, akadakia bila kuulizwa. "Guka sio mwizi, Madam. Shida yake ni moja tu, ni polepole. Ukimwachia saa ukiwa msichana, unakuja kuichukua na wajukuu."

Mwanamke hakucheka. Alitoa simu, akaiegemeza kwenye mkebe wa sindano, akaigeuza ili jicho lake litazame mikono ya Kimotho. Taa nyekundu ndogo ikaanza kupepesa. Ndipo alipoondoa kidole.

Kimotho akaishika saa. Ilikuwa ya dhahabu, ya Uswisi, nzito kwa uzito ule ambao saa za bandia hujaribu kuuiga zikashindwa. Mkanda wa ngozi ulikuwa umekauka. Aliigeuza pembeni, na pale chini ya pembe moja inayoshika mkanda akaona kovu dogo, fupi kama nusu ya punje ya mchele.

Akaisogeza saa kwenye mwanga.

Alilijua kovu hilo. Alikuwa amelitazama mara ya mwisho mwaka wa tisini na saba, mjini Bungoma, na tangu siku ile hakuna aliyemwita tena fundi bila yeye kusikia, nyuma ya neno hilo, neno jingine.

Kimotho alizaliwa kwenye shamba la ekari tano nje ya Kitale, mtoto wa Gathii, mmoja wa wale waliotoka Nyeri na majembe yao wakapata udongo mwekundu wa Trans-Nzoia na kuapa hawatarudi. Ndugu zake walipenda mahindi. Yeye alipenda saa ya ukutani ya baba yake, na siku alipoivunja ili aone kinachoifanya iseme, Gathii hakumpiga. Alisema tu, "Basi nenda ukafunzwe kuirudisha."

Aliyemfunza alikuwa Nehemiah Makokha wa Bungoma. Kibanda chake kilikuwa karibu na soko, na juu ya mlango palikuwa na bango alilolichora mwenyewe: SAA NA LEDIO HUTENGENEZWA HAPA. Nehemiah alikuwa mtu wa ulimi ule wa kwao ambao r na l hupishana mlangoni kama ndugu wanaovaliana koti. "Kijana, funga mrango," angesema, "vumbi haina adabu." Alivyosema ndivyo alivyoandika. Bwana Wepukhulu, mkaguzi wa shule, mtu aliyejulikana wilaya nzima kwa Kiswahili chake kilichonyooka, aliwahi kusimamisha gari kumwambia afute lile neno Ledio, linaaibisha mji. Nehemiah akawasha moja rafuni. Ikaimba. "Sikia, Bwana Mkaguzi," akasema, "yenyewe imeitika."

Wepukhulu aliondoka amekasirika. Lakini saa yake ya dhahabu ilipoanza kuchelewa, ni kwa Nehemiah alikoipeleka, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyeweza kuifungua bila kuikwaruza.

Nehemiah alimpa Kimotho kazi ya kuifungua. Kimotho aliifungua, akaisafisha, akaiweka chini ya glasi. Kesho yake alitumwa Malakisi kurudisha saa ya ukutani kwenye ghala moja la tumbaku. Aliporudi jioni, saa ya mkaguzi ilikuwa imefungwa na kuchukuliwa.

Wiki moja baadaye Wepukhulu alisimama nje ya kanisa akiinua karatasi. Saa yake haikuwa na mlio wa zamani. Ilikuwa inanong'ona. Wamebadili mashine, alisema, wameweka takataka, na wamekiri kwa mkono wao wenyewe, maandishi haya hapa. Hakumpa mtu yeyote karatasi aisome. Watu hawakuhitaji kuisoma. Nehemiah alikuwa mtoto wa pale, baba yake alizikwa Bokoli. Kimotho alikuwa wa kuja. Basi ikaamuliwa, bila mtu kuamua, kwamba mwizi ni Kimotho.

Kimotho alimwuliza mwalimu wake swali moja tu. "Uliandika nini?"

"Niriandika ukweri," akasema Nehemiah.

Maneno hayo mawili Kimotho aliyabeba hadi Kitale. Aliyageuza kwa miaka ishirini na saba, na kila alipoyageuza aliona jambo lile lile. Yeye alikuwa Malakisi. Mwalimu alibaki peke yake na saa. Mwalimu aliandika ukweli. Ukweli gani tena?

Nehemiah alipofariki, miaka kumi na moja iliyopita, ujumbe ulifika. Kimotho alisema kuna mahindi ya kuvuna.

"Mbona huifungui?" mwanamke akauliza.

"Naiangalia kwanza. Saa kama hii haiparamiwi." Alijaribu kuifanya sauti yake iwe nyepesi. "Umetoka mbali, Mama?"

"Hapa hapa tu."

Haikuwa hapa hapa tu. Alitamka kila r na kila l kwa uangalifu, kama mtu aliyewahi kuchapwa kwa ajili yao. Kimotho alimtazama paji la uso, lile paji pana lenye mkunjo mmoja katikati. Lilikuwa la mkaguzi wa shule.

Basi ametumwa. Lakini ametumwa kufanya nini? Bungoma kuna mafundi. Eldoret kuna mafundi wenye maduka ya vioo. Mtu hapandi hadi Kitale na saa ya babake, akaja moja kwa moja kwenye baraza la Kimotho, akawasha simu irekodi, ila anatafuta jambo. Na saa imekaa mahali fulani miaka ishirini na saba. Nani ajuaye ni mikono mingapi imeigusa? Kama kuna mtu aliyetoa mashine baadaye, mtoto, shemeji, mfanyakazi, basi atakayeinua mfuniko leo mbele ya ile taa nyekundu ndiye atakayekutwa na maiti. Na kama ni Nehemiah aliyeitoa siku ile, Kimotho atauona uovu wa mwalimu wake kwa jicho lake mwenyewe, kupitia lenzi, umekuzwa mara kumi.

Angeweza kusema imekwama. Angeweza kusema hana ufunguo wake. Lingekuwa jambo rahisi.

"Unaogopa?" mwanamke akauliza taratibu.

Sellah akaacha kupanga vifuniko.

"Saa yoyote naiogopa kidogo," akasema Kimotho. "Fundi asiyeogopa ndiye mwenye kukwaruza."

Alinawa mikono kwenye beseni, akaikausha kwenye shati, kisha akaikausha tena kwenye kitambaa. Aliutoa mkanda. Alipiga mswaki mkavu kuzunguka mgongo wa saa, kwa sababu vumbi lililolala nje ndilo huingia ndani mfuniko ukiinuka. Akautazama mgongo wenyewe.

"Kuna migongo ya kubandika," alisema, kwa mwanamke au kwa simu, hakujua. "Hiyo unatafuta kijipengo kando, unaingiza kisu butu, inaruka. Ukitumia kisu kwa hii, umeiua. Hii imefungwa kwa kuzungushwa, kama kifuniko cha chupa. Unaona vipengo hivi sita?"

"Naona."

"Hapo ndipo ufunguo hushika. Ukiteleza, unachora dhahabu ya watu."

Akabandika seloteipu juu ya mfuniko, akaacha vipengo tu wazi. Aliikaza saa ndani ya kishikio cha mbao. Kisha akatoa mpira mweusi wenye ukubwa wa ndimu kubwa, uliosokotwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli.

"Na hiyo?" Mwanamke alisogea. "Hiyo ni ya nini?"

"Ya kujaribu kwanza. Mpira hauchori, Mama. Ikikubali kwa mpira, hakuna haja ya chuma."

"Nilidhani mna mashine."

"Mashine ni mkono."

Aliubana mpira juu ya mfuniko, akasukuma chini kwa uzito wa bega, akazungusha kwenda kushoto. Mfuniko haukusogea. Akajaribu tena. Jasho likamtoka. Mara ya tatu mpira ukalia, lakini saa ikabaki kimya.

"Imekataa?" akauliza Sellah.

"Imekaa muda mrefu bila kufunguliwa," akasema Kimotho, na alipoyasikia maneno yake mwenyewe, akauweka mpira chini. Muda mrefu. Kama kuna mtu aliyeifungua mwaka juzi au juzi yake, isingekuwa imekwama hivi.

Alichukua ufunguo wa meno matatu, akayarekebisha meno hadi yakakaa ndani ya vipengo bila kucheza. Akazuia pumzi. Simu ilirekodi. Alikaza, akakaza tena, na pakatokea mlio mdogo, tik, kama kidole kinachovunjwa. Mwanamke akashika ukingo wa meza.

"Umevunja nini?"

"Sijavunja. Imeachia." Akaweka ufunguo kando. "Sasa tafadhali, usiseme kitu kabisa hadi nikuambie. Mate ya mtu ni sumu ndani ya saa."

Aliumalizia mfuniko kwa vidole, akaubandua, akaulaza chali juu ya kitambaa. Kipete chembamba cha mpira mweusi kikabaki ndani ya mfereji wake. Hakukigusa. Akaweka lenzi jichoni, akainama.

Mashine ilikuwa pale. Haikuwa takataka. Magurudumu ya rangi ya asali, mawe mekundu madogo kama mbegu za pilipili, michoro ya mistari inayopinda, kazi ya watu ambao hawakutarajia mtu yeyote aione. Aliijua kama mtu anavyoujua uso. Lakini kuijua hakukutosha. Amekuwa akiikumbuka kwa miaka ishirini na saba, na kumbukumbu ni fundi mwongo. Akafunika mashine kwa glasi. Kisha akaugeuzia mfuniko lenzi.

Mafundi wana desturi. Aliyefungua saa nzuri huchora alama yake kwa ncha ya sindano, ndani ya mfuniko, mahali ambapo mwenye saa hatafika, ili fundi ajaye ajue nani alitangulia. Alama ya Nehemiah ilikuwapo: N.M., 8/97. Na kando yake, ndogo, imechorwa kwa mkono ule ule, palikuwa na herufi moja zaidi. K.

Mwanagenzi haruhusiwi kuweka alama. Hakuwahi kuweka. Alikuwa Malakisi. Basi mzee alimwandika yeye. Alifanya alichofanya, kisha akaichora K pale ndani, ili siku yoyote, hata baada ya miaka ishirini na saba, mfuniko ukiinuliwa, mwizi ajulikane kwa herufi.

"Unaweza kuongea sasa," alisema, na sauti ilikuwa kavu.

"Mashine ina nambari?" mwanamke akauliza papo hapo. Alikuwa amelishika swali hilo mdomoni muda wote.

"Inayo."

"Isome. Kwa sauti."

Kimotho akainua glasi. Nambari ilikuwa imechongwa chini ya gurudumu kubwa, ndogo kama nyayo za sisimizi. "Nne. Moja. Saba. Sifuri. Sita. Tisa."

"Rudia."

"Nne, moja, saba, sifuri, sita, tisa."

Mwanamke alifungua mkoba. Alitoa kijitabu cha buluu chenye ukingo uliochakaa, cheti cha saa, chenye mhuri wa duka la Geneva. Hakumwonyesha. Alikifungua akiwa amekielekeza kwake, akaweka kidole chini ya mstari, akakipitisha mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Ni hiyo," alisema hatimaye. "Ni ile ile."

Sellah akapiga kofi moja. "Si nilikwambia!"

"Wewe ulijua nini?" Kimotho akamkemea. Kisha kwa mwanamke, polepole: "Cheti hicho kilikuwa wapi siku zote?"

"Kwenye sanduku la Papa."

"Bwana Wepukhulu."

Mwanamke akamtazama bila kupepesa. "Kwa hivyo ulijua."

"Niliijua saa. Wewe ulinijua mimi."

"Mimi ni Pauline. Ni karani mahakamani, Bungoma. Papa alikufa mwezi wa tatu." Alikunja cheti. "Ndugu yangu Job alitaka tukupeleke polisi moja kwa moja. Nikamwambia kielelezo hakiendi mahakamani kabla hakijaangaliwa, na mshukiwa mwenyewe akiwepo."

"Na yeye babako, mbona hakuifungua mwenyewe aangalie nambari? Miaka yote hiyo?"

"Ili kuifungua angehitaji fundi," akasema Pauline. "Na hakumwamini fundi yeyote. Aliifunga kwa kitambaa, akaiweka kwenye mkebe wa majani chai. Kila Krismasi aliitoa, akaitia sikioni, akairudisha."

Lori la kwenda Suam likapita, meza ikatetemeka. Kimotho akafunika mashine kwa kiganja juu ya glasi, bila kufikiri.

"Sijamaliza," Pauline akasema. "Mashine ni ile ile, sawa. Basi nieleze hii." Alitoa bahasha, na kutoka kwenye bahasha karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliilaza juu ya kitambaa, lakini kidole kikarudi mahali pake, juu ya kona. "Mbona mlikiri?"

Ilikuwa risiti. Mwandiko wa Nehemiah, ule wa kupanda kilima. Kimotho hakuwa ameuona tangu ujana wake.

Saa ya Bw. Wepukhulu. Nimesafisha mashine. Nimebadirisha siri ya ndani. Ya zamani imekufa, nimetupa.

Aliisoma mara moja. Katika neno nimebadirisha, mtu alikuwa ameizungushia r duara la wino mwekundu na kuandika l juu yake. Hapakuwa na duara jingine.

"Siri ya ndani," akasema Pauline. "Ameibadili. Ya zamani ameitupa. Siri ya ndani ya saa ni nini, kama si mashine? Papa alinisomea maneno haya nikiwa darasa la sita. Niliyajua kwa moyo kama Baba Yetu."

Kimotho alichukua kibano. Pauline akainuka nusu, macho kwenye ncha za chuma, lakini kibano hakikwenda kwenye mashine. Kilikwenda kwenye mfereji wa ukingo, kikainua taratibu kile kipete cheusi cha mpira, kikakining'iniza mbele yake. Kilikuwa kimekauka, kimepasuka mahali pawili.

"Unajua hii inaitwa nini?"

"Mpira."

"Mpira wa nini?"

"Wa kuzuia maji."

"Sisi mafundi tunaita sili. Hata wa magari, hata wa pampu. Sili. Inaziba." Alikitikisa kipete kidogo. "Sasa mwambie Nehemiah Makokha aiandike."

Pauline akafungua kinywa. Akaitazama karatasi. Kimotho aliona macho yake yakienda kwenye duara jekundu, kisha neno moja mbele, yakasimama pale.

"Saa na Ledio," akasema kwa sauti ndogo.

"Saa na Ledio."

"Papa alikuwa akilicheka lile bango. Kila tukipita. Kila siku." Kidole chake kiliondoka kwenye kona ya karatasi. "Alisahihisha moja. Hii ya pili akaiacha."

"Badirisha si neno, ndiyo akaliona. Siri ni neno. Akaliamini."

"Na mlio? Alisema mlio ulibadilika. Papa hakuwa mwongo."

"Ulibadilika, kweli. Sili mpya ni nene, inafunga sauti. Ile ya kwanza ilikuwa imeoza, ndiyo saa ilikuwa inapiga kelele. Hiyo kelele ndiyo ilikuwa ugonjwa." Alirudi kuutazama mfuniko uliolala chali, N.M., na ile K ndogo kando. Niriandika ukweri. Mzee alikuwa ameandika ukweli mtupu, kwa herufi zake mwenyewe, na siku ile akiwa peke yake na saa nzuri kuliko zote zilizowahi kuingia kibandani, alichukua sindano akamwandika mwanafunzi wake kando yake, kwa kuwa ndiye aliyeifungua. Hakumwambia. Labda alitaka aione siku moja akija kuifungua tena. Saa ya mkaguzi ingekuwa imerudi baada ya miaka mitatu, minne, kama desturi.

"Huyo fundi yuko wapi?" akauliza Pauline.

"Alifariki. Yuko Bokoli."

"Ulienda matanga?"

Kimotho alitafuta kitu kwenye droo. Alitafuta kwa muda. "Kulikuwa na mahindi ya kuvuna," akasema.

Pauline alimtazama jinsi anavyotazama, bila shaka, watu wanaoapa mahakamani.

"Hii sili imeisha," Kimotho akasema. "Siwezi kuifunga saa nayo. Maji yataingia. Lazima nibadilishe."

Kwa mara ya kwanza mdomo wa Pauline ukacheza. "Ati unataka kubadilisha siri ya ndani?"

Sellah akaangua kicheko hadi vifuniko vya simu vikaanguka. "Ai, Madam! Huyo usimwache, atakubadilishia hata jina!"

"Ya zamani nipe," Pauline akasema, na kicheko hakikuwa tena usoni. "Usitupe."

"Sitatupa."

Alichagua kipete kipya, akakipima juu ya mfereji, akakipaka grisi kidogo kwa ncha ya kidole, akakilaza bila kukivuta, kwa sababu sili iliyovutwa hurudi usiku na kuacha pengo. Alipuliza vumbi kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo. Kisha akachukua sindano, akaugeuza mfuniko.

"Hiyo sindano ni ya nini?"

"Kila anayefungua huacha alama."

"Usiandike kitu."

Mkono ukasimama. Angeweza kumweleza. Alitazama ile K tena, akairudisha sindano kwenye mkebe. Ilikuwa imeandikwa tayari.

Aliulaza mfuniko, akauzungusha kwanza kinyume hadi akahisi nyuzi zikikutana, ndipo akauzungusha mbele, kwa vidole, kisha kwa mpira wa tyubu, kisha robo ya mzunguko kwa ufunguo, basi. Alilizungusha taji, kile kitufe cha pembeni cha kuijaza saa. Mishale ikaanza. Akaitia Pauline mkononi, naye akaiweka sikioni mara moja, akafumba macho.

"Inanong'ona," alisema.

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Niandikie. Yote uliyofanya."

Kimotho alichukua kitabu cha risiti. Aliandika polepole kuliko alivyowahi kuandika. Nimefungua saa ya marehemu Bw. Wepukhulu mbele ya binti yake. Mashine ni ya asili, nambari 417069. Nimebadili sili ya ndani. Kwenye lile neno aliisimamisha l yake ndefu, iliyonyooka, isiyoweza kudhaniwa kitu kingine. Ya zamani imekufa. Nimempa mwenyewe.

Pauline aliisoma mara mbili, kalamu mkononi. Hakupata cha kusahihisha. Alikitia kipete kilichopasuka ndani ya bahasha, akailamba bahasha, akaifunga, akaandika tarehe juu ya mshono. Risiti ya zamani akaikunja mara nne.

"Hiyo ningeomba nibaki nayo," Kimotho akasema. "Ni mwandiko wa mwalimu wangu."

Pauline alifikiri kweli. Kimotho alimwona akifikiri. "Hapana," akasema. "Kwanza Job aione." Akazima simu, akashuka barazani. Penye ngazi ya mwisho aligeuka na kuangalia nyuma, na Kimotho hakujua kama anamtazama yeye au anaitazama mikono yake.

Alipotokomea, Kimotho alifuta meza, ingawa haikuwa chafu.

"Sellah, Jumamosi utaniangalizia meza."

"Unaenda wapi, Guka? Kwani kuna harusi?"

"Matanga. Bokoli."

"Pole. Nani amekufa?"

"Fundi mmoja. Ni miaka kumi na moja sasa."

Sellah alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akitafuta mzaha. "Miaka kumi na moja? Bana, hao watu si walishamaliza hata kula? Utawaambia nini?"

Kimotho alikuwa amechukua sindano, akaigeuza kwenye mwanga, akaanza kunoa ncha yake kwenye jiwe dogo la mafuta, taratibu, kama alivyofunzwa. "Hapo ndipo bado nafikiri," akasema.